Bi Mwanamkasi na Njia ya Mgongo wa Karatasi

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025, tukishatoka msikitini, Bi Mwanamkasi Mbwana anaweka rola chini. Atakuwa ameitumikia karakana yetu ya chapa za mbao hapa Newtown, Birmingham, kwa miaka ishirini na sita na miezi tisa, ukiondoa siku tatu. Nimehesabu mwenyewe kwenye kalenda ya ukutani, kwa hiyo asije mtu akaniambia nimekosea.

Kulwinder, meneja wetu, alitaka wasifu huu uandikwe kwa Kiswahili, maana nusu ya watu wa madarasa yetu ya Jumamosi ni Waswahili: wa Mombasa, wa Unguja, wa Bukavu, kila mtu na Kiswahili chake. Akauliza nani ataandika. Nikanyanyua mkono. Watu wakacheka, kwa sababu wanajua shule niliiacha darasa la nne kule Garissa, na kalamu naishika kama patasi. Nikasema anayecheka aandike yeye. Hakuna aliyeandika. Basi ni mimi, Sugow Abdiaziz, mchongaji wa kwanza wa karakana hii kwa ubora, na nimeandika yote kwa mkono wangu. Aliyenipigia chapa kwenye kompyuta amekatazwa kugusa hata nukta.

Kabla sijaenda mbali, niseme jambo lililoko baina yangu na yeye, maana wote mnalijua na mnanitazama nitalisema vipi. Bi Mwanamkasi alipoulizwa anataka zawadi gani, alikataa saa, akakataa sanduku la safari, akakataa hata maua. Alitaka kitu kimoja tu. Karakana inatoa kitabu cha mafundisho, nakala sitini, na kila sura inafunguliwa na ukurasa uliochapwa kwa mkono. Sura ya tano ni ile njia ambayo wasanii wanakuja kujifunza kwetu kutoka London mpaka Ubelgiji, ambayo miaka kumi na minane imeitwa Njia ya Sugow. Aliomba kitabu kiseme ukweli njia hiyo ni ya nani. Hakuomba kwa ajili ya sifa. Aliomba ili mjukuu wake asimwone bibi yake mwongo. Sugow wa hiyo njia ni mimi, na ombi hilo nilibishana nalo wiki tatu. Sasa nieleze kwa utaratibu.

Aliingia hapa tarehe mosi Machi 1999 kama msafishaji, mwanamke wa Mombasa, wa Kibokoni, mwenye miaka arobaini. Kazi yake ilikuwa kufagia maganda ya mbao na kufuta wino sakafuni. Mimi wakati huo nilikuwa Longbridge kwenye kiwanda cha magari, natia milango, na milango yangu hadi leo iko barabarani inafunga. Kwa hiyo mwanzo wake nausimulia kama nilivyousikia kwa Kulwinder, ambaye siku hizo alikuwa msichana wa kupokea simu.

Anasema siku moja mchapaji wetu wa zamani alikuwa anasukuma rola kwenye wino, Bi Mwanamkasi akapita na ufagio, akasema, "Bado."

Mchapaji akageuka. "Bado nini?"

"Wino. Haujaiva. Usikilize."

Akamweleza kwamba wino ukiwa mwingi rola inalia kama kiatu kwenye tope, na ukiwa sawasawa inalia kidogo kidogo, kama mafuta ya sambusa yanapoanza kupata moto. Yule mtu alikuwa na miaka kumi kazini, na hakuwahi kuisikia rola. Alikuwa anaitazama tu. Baada ya miezi mitano ufagio ukapewa mtu mwingine, na Bi Mwanamkasi akapewa aproni.

Kwa asiyejua kazi yetu, ni hivi. Unachukua ubao. Pale usipotaka wino unachonga, pale unapotaka unaacha. Unapitisha rola, unalaza karatasi juu, unasugua mgongo wa karatasi, unanyanyua. Picha inatoka imegeuka, kama uso kwenye kioo: kulia kunakuwa kushoto. Hilo la kugeuka mlishike, maana ndilo lililoniponza. Kusugua wengine wanatumia mashine ya chuma, nzito kama fahali. Yeye kazi za karatasi laini anasugua kwa kijiko cha mbao, cha kupakulia wali, kwa sababu anasema mashine haijui pale ambapo ubao una huzuni. Sijui maana yake. Lakini nakala zake zinatoka na weusi ambao mashine haijawahi kuutoa.

Longbridge walipofunga mwaka 2005, nilikuwa na miaka hamsini na nne, na watu wa ofisi ya ajira wakaniambia mzee wa umri huo hapati kazi. Nikaja Newtown na patasi zangu tatu. Garissa nilianza kuchonga vijiko na vyano nikiwa na miaka tisa, kwa hiyo hawakuwa na la kunifundisha. Siku ya kwanza nilichonga jogoo. Bi Mwanamkasi akamchapa, akamtazama, akasema, "Jogoo ni mzuri. Ila umechonga kama mtu anayegombana na mti." Nikasema mti ndio ulioanza. Tangu siku hiyo mimi na yeye tumekuwa pamoja, mimi meza ya dirishani, yeye meza ya katikati, na redio baina yetu ambayo hatujawahi kukubaliana iwe stesheni gani.

Miaka ile karakana ilikuwa na joto lake. Kulikuwa na jiko la gesi lililokuwa linazimika likijisikia, na birika moja la watu kumi na mbili, na chai anapika yeye kwa iliki na tangawizi. Wasanii walikuwa wakija na michoro yao wamekunja kwapani, wanakaa wiki nzima, wanakula nasi. Siku hizi msanii anatuma picha kwa simu, mashine ya mwanga wa leza inachoma ubao asubuhi moja, na mchana anauliza nakala ziko wapi. Sisemi ni mbaya. Nasema ubao uliochomwa na mwanga haunuki kitu, na mimi kwa pua yangu nilikuwa najua nani anafanya kazi gani kabla sijavua koti.

Lakini hata hao wa mashine, mwisho wanakuja kwenye meza ya katikati. Wanakuja wa kila namna. Kuna wanaokata ubao vipande vipande kama mtoto anavyokata mkate, kila kipande kinapakwa rangi yake, halafu vinapangwa tena kuwa picha moja. Kuna wanaosugua mbao kwa brashi ya waya mpaka mishipa ya mti inasimama, ili mti wenyewe uonekane kwenye karatasi kama maji yanayotembea. Raphaël, Mkongomani wa Brussels ambaye wengi mnamjua kwa kofia yake, yeye anachoma ubao kwa moto wa gesi kwanza, halafu anachonga makaa. Wote hao, Bi Mwanamkasi anajua mbao zao zinataka wino gani kabla wao hawajajua.

Huyo Raphaël ndiye aliyemletea kazi ya rangi saba kwenye ubao mmoja. Kazi hiyo haina huruma. Unachapa rangi ya kwanza kwenye karatasi zote, kisha unarudi kwenye ubao huo huo unachonga zaidi, unachapa ya pili juu yake, unachonga tena, mpaka ubao umeliwa wote. Ukikosea rangi ya sita, huwezi kurudi ya tano, kwa sababu ya tano imeshakuwa maganda sakafuni. Raphaël alitaka nakala thelathini. Bi Mwanamkasi akachapa rangi ya kwanza kwenye karatasi hamsini.

"Mama, mimi niliomba thelathini," Raphaël akasema.

"Hizo ishirini ni za shetani," akamjibu. "Yeye huchukua zake njiani."

Ikawa hivyo hivyo. Rangi ya saba ilipokauka zilikuwa zimebaki thelathini na moja. Raphaël akambusu mkono mbele ya watu, na Bi Mwanamkasi akaenda kuunawa.

Na mwaka 2014 mnaikumbuka ile ya rola ya barabara. Kulwinder alikodi mashine ya kushindilia lami ili tuchape mbao kubwa kama vitanda pale kwenye maegesho, mbele ya watu. Dereva alikuwa mzee wa Kigujarati, Chhotubhai, aliyeshindilia barabara maisha yake yote. Bi Mwanamkasi akasimama mbele ya ile mashine na buibui lake, mkono juu, kama askari wa trafiki. "Polepole! Hii si barabara, hii ni karatasi!" Chhotubhai akasimamisha, akashuka, akauliza ni nani huyu mama anayemfundisha kazi. Nikamwambia, huyo ananifundisha hata mimi, panda juu. Walichapa mbao tisa bila kuchana karatasi hata moja. Watu wakauliza nani alichonga ule wa tembo, na ule wa tembo ulikuwa wangu.

Sasa nifike kwenye sinia.

Ilikuwa Oktoba 2007. Ramadhani ilipokuwa inaanza, alikuwa amekuja Mama Abshiro, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wenye ukumbi wao hapa jirani. Walitaka picha kubwa ya kutundika ukumbini kwa Idi: watu wamezunguka sinia, wanakula pilau. "Iwe picha ya nyumbani," akasema. "Mtu akiingia ajione amekaribishwa."

Nikapewa mimi. Nani mwingine? Mchongaji wa kawaida angechora kwanza kwenye karatasi, akaugeuza mchoro, ndipo akauhamishia ubaoni. Mimi sikuchora. Nilichukua ubao mkubwa kama mlango nikaanza kuchonga kwa jicho. Wiki nne. Watu kumi na mmoja, masinia mawili, birika, mtoto wa kupakatwa. Nilikuwa nimefunga, na njaa ya alasiri ilinifundisha kuchonga nyama. Kila punje ya mchele ilionekana. Zabibu zilionekana. Mpaka leo sijaona pilau ya mbao kama ile, na kama ipo niletewe.

Siku ya kumi Bi Mwanamkasi akasimama nyuma yangu.

"Mzee Sugow, hawa wageni wako wanakula kwa mkono gani?"

"Wa kulia. Huoni?"

"Naona hapo ubaoni. Nakuuliza kwenye karatasi."

Nikamwambia mimi nimeanza kuchonga kabla yeye hajajua kushika ufagio, na akaangalie wino wake. Akaenda kuangalia wino wake. Mimi nikachukua kunyamaza kwake kuwa nimemshinda hoja.

Jumatatu ya wiki ya Idi tukatoa nakala ya kwanza. Bi Mwanamkasi aliinyanyua kwa pembe mbili, taratibu kama anavyonyanyua siku zote. Watu kumi na mmoja, na wote mkono wa kushoto uko mdomoni. Hata yule mtoto wa kupakatwa.

Bi Mwanamkasi akatazama, akasema, "Maskini. Ukoo mzima wa mashoto."

Kulwinder akashika kichwa, maana hata kwao Wapunjabi mkono wa kushoto hauingii kwenye chakula. Mimi nikasema hakuna mtu atakayeangalia mikono, wataangalia pilau.

"Mama Abshiro ataangalia mkono kabla hajaangalia uso," Bi Mwanamkasi akasema. "Na wenziwe arobaini nyuma yake. Utawatundikia mkono wa chooni ukumbini siku ya Idi?"

Nikakaa juu ya ndoo. Wiki nne zilikuwa zimekwenda, na siku zilizobaki ni nne au tano, kutegemea mwezi. Nilitaka kuupasua ubao ule uwe kuni.

Yeye hakukaa. Alikwenda kwenye rafu ya juu akateremsha karatasi ya Kijapani iliyoviringishwa, nyembamba kama ganda la kitunguu, ambayo sisi tulikuwa tunaitumia kutenganisha nakala tu. Akatia mafuta kidogo kwenye wino ulegee. Akalaza ile karatasi juu ya ubao, akachukua kijiko chake, akaanza kusugua. Alisugua tangu adhuhuri mpaka karibu na kufuturu, hakupumzika ila kuswali. Kidogo kidogo wino ukapenya. Ukaanza kuonekana upande wa juu, upande wa mgongo, kama sura ya mtu nyuma ya pazia. Akainyanyua, akaigeuza hewani, na ule mgongo ndio ukawa uso. Watu wote kumi na mmoja wakahamisha mikono.

Ikabidi ikauke, ndipo ibandikwe kwenye karatasi nene kwa gundi ya unga wa ngano, upande wa wino ukiwa ndani. Muda ulikuwa haututoshi. Lakini Birmingham mnaijua: msikiti huu ukatangaza Idi Ijumaa, msikiti ule ukasema mwezi haujaonekana, Idi Jumamosi. Akina Mama Abshiro walikuwa wa Jumamosi. Hiyo ndiyo mara pekee maishani mwangu niliyoushukuru ugomvi wa mwezi.

Tulipoitundika, akina mama wakajaa mbele yake. Wino uliopita kwenye karatasi hautoki mkali, unatoka laini, wenye ukungu ukungu. Mama Abshiro akasogea mpaka pua ikakaribia kugusa. Akatazama mikono, kama tulivyojua. Kisha akasema, "Hata mvuke wa chakula mmeuweka! Nani amefanya huu mvuke?"

"Mimi," nikasema.

Bi Mwanamkasi alikuwa nyuma yangu, ameshika upande wa pili wa ngazi. Sikugeuka kumwangalia.

Kutoka hapo neno likatembea. Akaja msanii wa kwanza anataka chapa yake iwe na mvuke kama ule. Akaja wa pili. Mtu mmoja wa gazeti akauliza njia hii inaitwaje, nikamwambia Njia ya Sugow, kwa utani. Gazeti halikuandika kwamba ni utani. Baadaye ikaingia kwenye vikaratasi vya maonyesho, halafu vyuoni, halafu mimi mwenyewe nikasahau kuwa ilikuwa utani. Nimeifundisha njia hiyo Jumamosi zisizo na idadi. Mimi nasimama nasema, yeye amekaa anasugua.

Na yeye hakusema kitu. Mwaka mmoja, nadhani 2012, tukinywa chai, alisema, "Wewe una mdomo, mimi nina bega." Nikacheka. Bega lenyewe lilikuwa limeshaanza kumuuma.

Mwezi uliopita ndipo aliposema. Ana mjukuu, Safiya, miaka kumi na minne, anaishi na wazazi wake Sutton Coldfield, na kila Jumapili Bi Mwanamkasi anapanda treni kwenda kumwona. Mtoto ni wa hapa hapa: bibi anamsemesha Kiswahili, yeye anajibu Kiingereza, na wanaelewana. Wiki hiyo mwalimu wao wa sanaa aliwaonyesha darasani chapa za mbao za karatasi nyembamba, akawaambia njia hiyo aliibuni mzee mmoja wa Newtown anaitwa Sugow. Safiya alikuwa anajua hadithi nyingine. Tangu akiwa mdogo bibi amemsimulia jinsi alivyowageuza watu kumi na mmoja kwenye sinia.

"Ameniuliza ni ipi ya kweli," Bi Mwanamkasi akaniambia, anafuta rola, hanitazami. "Nimemwambia ni yangu. Akanyamaza, Mzee Sugow. Alininyamazia kwa adabu, vile watoto wanavyomnyamazia mzee anayejitungia. Mjukuu wangu ananiona mwongo."

"Atakua atasahau," nikasema.

"Mimi Novemba naondoka. Nikishaondoka nani atasema? Liandike kwenye kitabu."

Nilikataa. Nasema ukweli wangu, nilikataa, na nilikuwa na hoja: bila kosa langu yeye asingekuwa na cha kugeuza. Hoja hiyo hadi sasa naiona ina nguvu. Kulwinder aliniita ofisini mara mbili, nikamwambia jina likishakaa kwenye vyuo halitoki, na mimi nina miaka sabini na nne, nisisumbuliwe.

Kisha wiki ya kwanza ya Novemba Raphaël akaja kutoka Brussels na ubao wake wa makaa, anataka atolewe chapa ya mgongo. Bi Mwanamkasi alikuwa hospitali na lile bega. Raphaël akasema, si kitu, mwenye njia yupo. Nikavaa aproni.

Karatasi ya kwanza ilichanika. Ya pili wino ulimwagika kama mchuzi. Ya tatu nilisugua mpaka mkono ukafa ganzi, na mgongo ukabaki mweupe kama nilivyoukuta. Nikasema karatasi ina unyevu. Nikasema hita inakausha hewa. Nikasema makaa yake ndiyo mabaya. Karatasi ya sita Raphaël akavua ile kofia yake, akaniuliza kwa upole, "Papa Sugow, weye ulishafanyaka hii kazi?"

Nilifungua mdomo. Mnanijua, mdomo wangu haujawahi kufunguka bila kutoka kitu. Siku hiyo haukutoka kitu. Miaka kumi na minane, na sijawahi kuifanya hata mara moja. Nilikuwa najua maneno yake yote, kama mtu anayejua kusimulia kuogelea.

Raphaël akafunga ubao wake, akasema atamngoja Mama.

Mimi nilikuwa na kipande cha mbao ya mti wa mpea, nimekihifadhi miaka mingi, nilikuwa nangojea kazi inayokifaa. Nikakitoa. Nikachonga mkono umeshika kijiko, na chini yake maneno: Njia ya Mwanamkasi. Mara hii nilichora kwanza kwenye karatasi, nikaugeuza mchoro. Sioni aibu kusema.

Jumatano ya wiki hii, tarehe ishirini na sita, nikakiweka kwenye meza ya katikati pamoja na mbao za sura nyingine. Nikarudi meza yangu ya dirishani. Mchapaji husoma ubao kinyume kwa haraka kuliko mimi ninavyosoma gazeti, kwa hiyo alikisoma pale pale, kabla ya wino. Redio ilikuwa inaimba stesheni yake.

"Hiki cha sura ya ngapi?" akauliza.

"Ya tano."

"Nakala ngapi?"

"Sitini, kama nyingine."

Akachukua rola. Nikamwambia kwa bega hilo nitamsaidia kusugua. Akanitazama juu ya miwani. "Wewe? Nimesikia ya Raphaël."

Akazichapa zote sitini peke yake, kwa kijiko, karatasi nyembamba, chapa ya mgongo, kama inavyostahili sura hiyo. Lakini maneno nilikuwa nimeyachonga kinyume, kwa chapa ya kawaida, na chapa ya mgongo ingeyatoa yamegeuka, kwa hiyo kabla ya kuanza alinirudishia ubao nichonge upya yote upande wake wa pili, bila kugeuza, na nikachonga upya asubuhi ile ile bila kubisha, na hilo Kulwinder ameliandika kwenye kalenda kama tukio. Nakala ya kwanza ilipotoka sawa, aliishika kwenye dirisha muda mrefu. Akasema wino umezidi kidogo upande wa kijiko. Kisha akasema, "Hii haiingii kitabuni. Hii inakwenda Sutton Coldfield." Akachapa nyingine kujaza pengo.

Sasa limebaki moja. Desturi ya kazi yetu ni kwamba chini ya kila nakala, kwa penseli, kushoto inawekwa namba na kulia msanii anatia saini. Mchapaji hatii saini. Kwa miaka ishirini na sita Bi Mwanamkasi amewapitishia wengine maelfu ya karatasi watie saini, yeye anasimama pembeni na kitambaa. Jumatano jioni nikampa penseli.

"Mchapaji hatii saini," akasema. "Aliyechonga ndiye."

"Ubao hauna njia. Njia ni yako, saini ni yako."

"Mzee Sugow, utaratibu ni utaratibu."

"Basi mimi sitii."

"Na mimi sitii."

Jana Alhamisi tulikuwa bado hapo hapo. Karatasi sitini zimelala kwenye rafu za kukaushia bila jina la mtu, na mfunga vitabu amepiga simu mara mbili. Kulwinder anasema hajawahi kuona wazee wawili wakigombania kutotia saini. Asubiri. Mimi nilishindana na kiwanda kizima Longbridge.

Bi Mwanamkasi, hapa nawasemea wote wa karakana, na wasanii walio mbali, na akina mama wa ukumbini. Ahsante kwa kila karatasi uliyoinyanyua bila kuichana. Ahsante kwa chai. Ahsante kwa kutunyamazia pale tulipostahili kusemwa, na ahsante zaidi kwa kuacha kunyamaza. Mola akuponye bega, baridi ya mwaka huu ikukute Mombasa, na miaka iliyobaki iwe mingi na iwe yako. Tunakutakia mapumziko mema, dada yetu.

Safiya, mjukuu wake, umekaa mstari wa mbele, na najua Kiswahili unakifahamu hata kama hujibu. Mimi Sugow nakwambia mbele ya watu: bibi yako amekwambia kweli, tangu ulipokuwa mdogo.

Meza italetwa sasa hivi. Karatasi zitakuwa juu yake, na penseli nimechonga mbili, moja ikivunjika ipo nyingine. Chakula kimefunikwa jikoni na ufunguo ninao mimi. Bi Mwanamkasi, tia saini zote sitini, hatufungui mlango wa jikoni kabla.